Kioo cha mlango kinacheza kwenye gari ya zamani: anza na raba, mashine baadae

Huku Mtwara, kusini mwa Tanzania, gari za zamani bado zipo, usidanganywe na hizi Toyota IST zilizojaa mjini. Pita Mikindani, Ligula au Chikongola taratibu utaona Corolla KE70 ya mzee mstaafu imefunikwa turubai, Pijo 504 imelala chini ya mwembe, na msimu wa korosho ukifika Land Rover 109 zinashuka kutoka Newala na mizigo kama kawa. Na karibu zote zina ugonjwa mmoja, vioo vya milango vimelegea. Ukifunga mlango kinagonga, ukipita kwenye mashimo kinapiga kelele, ukikipandisha kinakuja upande mmoja kimeinama, au siku moja unazungusha hendo (kile kishikio cha kupandishia kioo) kikazama ndani ya mlango moja kwa moja na mvua hiyo inakuja.

Sasa mtu akiona hivyo haraka haraka anasema mashine ya kioo (ule mtambo wa ndani ya mlango unaokipandisha na kukishusha) imekufa, anaagiza Dar, inakuja kwa basi, anafunga, na baada ya muda mfupi kioo kinacheza vilevile. Mimi kwa gari yenye umri wa miaka 40 na kitu mashine naiweka mwisho kabisa kwenye foleni. Kwanza raba, pili kutu, tatu bolti zilizolegea, alafu ndio tuongelee mashine.

Kabla hujashika bisibisi elewa kioo kimekaaje mle ndani. Hakijashikwa na kitu kimoja. Chini kimechomekwa kwenye chaneli, yaani bati lililokunjwa umbo la U lenye raba ndani yake, na hiyo chaneli ndio inayobebwa na mikono ya mashine. Mbele na nyuma kinapita kwenye raba za njia, zile zenye manyoya laini ndani, zinashuka mpaka tumboni mwa mlango. Alafu pale usawa wa kiwiko kuna raba mbili, ya nje na ya ndani, zinakibana kioo na kukifuta maji kikishuka. Kimojawapo kikichoka, kioo kinaanza kucheza, na kikicheza kinavimaliza hivyo vingine.

Na huku kwetu vinachoka haraka. Watu wengi hawajui kwamba maji kuingia ndani ya mlango ni jambo la kawaida, gari zote zimetengenezwa hivyo, mvua inapita pembeni ya kioo inashuka mpaka chini na inatokea kwenye vitundu vilivyopo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Sasa gari imetoka Nanyamba na lile vumbi jekundu, vumbi linashuka na maji, linakuwa tope, vitundu vinaziba, maji yanabaki mle. Ongeza na chumvi ya bahari maana upepo wa Shangani unakuja na chumvi yake, basi ile chaneli inaoza kuanzia ndani. Kutu ikianza inavimba, kwaiyo mwanzoni kioo kinabanwa vizuri tu na unaona mambo safi, baadae kutu inamomonyoka vipande vipande, nafasi inabaki, kioo kinalegea. Ndio maana mtu anakwambia "kilikuwa kizima jana."

Kupima tatizo kaa nako, usiwe na haraka, hapa ndio pesa yako inapookolewa. Funga mlango, pandisha kioo mpaka mwisho, weka kiganja kwenye kioo kwa nje sukuma ndani, alafu kaa ndani sukuma nje. Kikitikisika wakati kipo juu kabisa, raba za njia zimeisha au kioo hakifiki kwenye fremu. Shusha mpaka nusu, shika ule ukingo wa juu kwa vidole viwili mbele na nyuma, sukuma mbele nyuma, kulia kushoto. Kikicheza kulia kushoto tu ni raba za njia na zile za kiwikoni. Kikicheza juu chini, yaani unakinyanyua kwa mkono kinapanda kidogo alafu kinarudi chini kikigonga, hapo ni chaneli imeachia au roleri za mashine, yaani vile vigurudumu vidogo kwenye ncha za mikono yake, zimekwisha. Kikipanda kwa kuinama, upande wa mbele uko chini wa nyuma uko juu, mara nyingi kioo kimehama kwenye chaneli au mkono mmoja umetoka kwenye njia yake. Hendo ikizunguka bure bila kioo kusogea, kwanza itoe hendo uangalie meno yake ya ndani, ikiwa meno ya hendo yamesagika unabadilisha hendo tu, hujafika kwenye mashine bado. Ikizunguka bure huku unasikia krr krr ndani ya mlango, hiyo sasa ni mashine kweli, meno yameliwa. Na kama kelele inakuja wakati kioo kimeshushwa chini kabisa tu, kile kiraba cha kukizuia chini kimepotea, kioo kinakaa kwenye bati tupu, dawa yake ni kipande cha raba tu basi.

Kuna mzee mmoja hapo Mikindani ana KE70 yake, kaambiwa anunue mashine. Nikafika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hebu niangalizie hiki kioo. Nashika kioo nakuta pale kiwikoni kumechomekwa kadibodi limekunjwa mara nne. Namuuliza, mzee hili kadibodi la nini? Akasema "ndio breki yake hiyo mwanangu, ukilitoa tu kinazama." Tukalitoa, kikazama kweli. Mashine yake ilikuwa nzima kabisa, inapanda inashuka na chaneli tupu, kioo kimebaki chini peke yake. Na lile kadibodi lilikuwa linanyonya maji na kuyashikilia pale pale kwenye bati, pembeni mlango umeshaanza kutoboka. Kwaiyo makadibodi, magazeti, vipande vya mbao, hivyo ni vya kukufikisha nyumbani, sio vya kuishi navyo.

Haya tufanye kazi. Tafuta bisibisi ya nyota na bapa, spana namba 10 kwa gari nyingi za Kijapani (Pijo na Volkswagen unaweza kukuta namba tofauti, beba seti), plaizi, brashi ya waya, msasa, kipande cha msumeno wa chuma, nyundo ya raba au kipande cha mbao laini, tyubu ya baiskeli iliyochoka, sabuni ya maji, redi oksaidi kidogo (rangi ya kuzuia kutu), grisi, wembe, tambara la pamba, kalamu ya maka na glovu. Glovu sio mapambo. Na kama una mtu wa kukushikia kioo mwite kabisa, mikono miwili haitoshi kwenye kazi hii.

Pandisha kioo juu, chukua picha kwa simu hendo ilikuwa inaangalia wapi ili ukirudisha isije ikakugonga goti. Kutoa hendo gari za Kijapani za zamani zina klipu ndogo ya waya nyuma ya hendo, huioni. Chukua tambara, lipitishe katikati ya hendo na ile washa (kisahani) ya plastiki, ulivute kushoto kulia huku na huku, tambara litaishika klipu na kuitoa. Itaruka, kwaiyo weka kiganja juu, maana ikidondokea mchangani utaitafuta mpaka magharibi. Gari nyingine kuna skruu katikati ya hendo chini ya kifuniko cha plastiki, na zingine za zamani zaidi ni pini unaisukuma. Angalia kwanza, usivunje.

Alafu toa skruu za mkono wa kuvutia mlango, na kile kiplastiki kinachozunguka kitasa cha ndani. Paneli yenyewe imeshikwa na klipu pembeni. Bisibisi bapa izungushie tepu ya umeme ili isikwangue rangi, ipitishe mpaka iguse klipu yenyewe, nyanyua hapo hapo kwenye klipu. Ukivuta katikati ya klipu mbili paneli inachanika, maana ni hadibodi na ya miaka hiyo imeshanyonya maji, laini kama mkate wa mayai. Zikishaachia zote inyanyue juu itoke kwenye mdomo wa kiwikoni.

Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa. Usiichane! Hiyo ndio inayozuia maji yasiingie kwenye kapeti lako. Ibandue taratibu, na kama haipo (kwa gari za huku mara nyingi haipo, kuna fundi alishaitupa zamani) tutaweka nyingine mwishoni.

Sasa unaona tumbo la mlango. Chomeka hendo kwa muda, shusha kioo mpaka chaneli ionekane kwenye lile tundu kubwa. Mulika na tochi ya simu uone. Hapa ndio jibu lipo: kama kioo kimetoka kwenye chaneli utaona chaneli inabaki chini ukikinyanyua kioo kwa mkono.

Kabla ya kukitoa fanya kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka. Chukua kalamu ya maka, chora mstari kwenye kioo pale chaneli inapoanzia na inapoishia, alafu pima kwa rula kutoka ukingo wa mbele wa kioo mpaka mwanzo wa chaneli, andika namba kwenye kioo chenyewe. Chaneli ikirudi sentimita moja pembeni, kioo kitapanda kwa kuinama maisha yake yote na utahangaika na mashine bure. Kama kioo kimeshahama zamani na alama ya zamani haionekani, nenda mlango wa upande wa pili, kapime huko, upande wa pili ni kinyume chake tu.

Kutoa kioo kila gari na mambo yake ila mlolongo ni ule ule. Mwenzako ashike kioo, wewe legeza bolti zinazoshika chaneli kwenye mashine au telezesha roleri zitoke mwisho wa chaneli. Raba za kiwikoni toa zote mbili ili upate nafasi. Kama kuna nguzo inayogawa kioo kikubwa na kile kidogo cha pembe tatu, ilegeze isogee. Kisha inamisha kioo upande wa mbele kishuke, nyuma kipande, kivute kitoke juu. Kikikataa usilazimishe, kuna kitu bado kimekishika, tafuta.

Neno kuhusu kioo chenyewe. Vioo vya milango ni vya temper, vimepashwa moto vikapozwa ghafla kiwandani, ndio maana vikivunjika vinakuwa punje punje na sio vipande virefu vya kukata watu. Ubaya wake mmoja, ukingo wake ni dhaifu. Unaweza kukipiga ngumi katikati kisifanye kitu, alafu ukakigusa pembeni na ncha ya bisibisi kikamwagika chote mapajani kwako. Kwaiyo chuma kisiguse ukingo wa kioo popote kwenye kazi hii. Na hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi, akitokea fundi vioo vya nyumba anakwambia lete nikukatie kidogo, mwambie asante kaka. Kikivunjika tafuta kingine kwenye gari mkweche ya aina ile ile, angalia ile alama kwenye kona uhakikishe ni temper. Kioo cha dirisha la nyumba kwenye mlango wa gari usikubali hata cha bure.

Chaneli ikishatoka kwangua raba kuukuu yote kwa kipande cha msumeno, piga brashi ya waya ndani na nje, msasa, alafu ichunguze juani. Ikiwa imebaki imara paka redi oksaidi koti mbili, iache ikauke kabisa, usichomeke raba kwenye rangi mbichi itagandana na kung'oka yote. Ikiwa imetoboka au ukiibana na plaizi inakunjika kama haina mfupa, peleka kwa fundi wa kuchomelea akukunjie nyingine ya bati la milimita moja hivi, mpe ya zamani kama sampuli, na vile vishikio vya mashine avihamishie mahali pale pale. Kioo kibaki nyumbani wakati huo, usiende nacho kwenye cheche.

Raba ya kuweka kwenye chaneli ipo maalum, inauzwa kwa unene tofauti, ila kwetu huku tyubu ya baiskeli inafanya kazi nzuri sana ukiipima vizuri. Hesabu yake ndogo. Pima nafasi ya ndani ya chaneli, tuseme milimita 8. Pima unene wa kioo, tuseme 5. Inabaki 3, yaani moja na nusu kila upande. Tyubu moja ina unene kama milimita moja, kwaiyo tabaka moja litakuwa legelege na mawili yatabanwa, na sisi tunataka kubanwa. Ikichomeka kwa vidole tu, ni nyembamba, ongeza. Upana wa kipande ni kina cha chaneli mara mbili ukijumlisha unene wa kioo, kina kikiwa 15 basi 15 na 15 na 5 ni 35, kata 40 ili kibaki cha kupunguza kwa wembe.

Tandika blanketi au kigodoro cha mtoto, kioo kisimamishe hapo ukingo wa chini ukiangalia juu, mwenzako akishike wima. Futa ukingo wake na spiriti, uwe mkavu kabisa, kisha funika ile raba juu yake kati ya zile alama zako. Sasa pakaza maji ya sabuni nje ya raba na ndani ya chaneli. Sabuni, sio mafuta, sio grisi. Mafuta hayakauki, raba itavimba na kioo kitateleza tena, wakati maji ya sabuni yakikauka raba inashika. Weka chaneli juu, anza upande mmoja, weka kipande cha mbao juu ya chaneli na ugonge kidogo kidogo ukitembea nacho mpaka mwisho, alafu rudi. Usizamishe upande mmoja wote kwanza, utaminya raba itoke upande wa pili. Utasikia mlio ukibadilika ikifika mwisho, unakuwa mzito. Pima tena na ile namba yako uliyoandika, ikipungua milimita tatu nne gonga pembeni na mbao irudi. Acha ilale mpaka kesho, alafu kata raba iliyozidi kwa wembe.

Wapo wanaopenda gundi. Sina ugomvi nao ila chagua gundi. Supaglu hapana, inakuwa ngumu na mtikisiko wa barabara unaipasua. Silikoni ile ya bafuni inayonuka siki hapana kabisa, ule uchachu wake unakula chuma, umeondoa kutu leo umeiita tena kesho. Gundi sahihi ni ile ya polyurethane wanayobandikia vioo vya mbele, inabaki na ulaini na inakauka kwa unyevu wa hewani, na unyevu pwani hii tunao wa kutosha. Ipe usiku mzima na mchana wake bila kugusa. Ubaya wake siku ukitaka kukitoa tena ni kazi ya kisu, ndio maana mimi tyubu kwanza, gundi pale chaneli imepanuka na haibani tena.

Gari zingine, hasa za miaka ya 80 kuja juu, kioo kina matundu kabisa na kinafungwa kwa bolti. Huko tatizo ni zile bushi za plastiki zinazokaa kwenye tundu, zikivunjika bolti inagusa kioo na siku moja kitapasuka bila kuguswa na mtu. Weka bushi mpya au washa za raba pande zote, kaza mpaka ishike, usikaze kama nati ya tairi.

Wakati kioo kipo nje, shughulikia mashine japo ni nzima. Kuwa makini na kitu kimoja tu: ile springi ya kuzunguka iliyojikunja pale pembeni. Ina nguvu kubwa sana, ndio inayosaidia kunyanyua uzito wa kioo, na ukifungua mashine au kutoa meno yake bila kuifunga kwanza ule mkono unaruka na unaweza kuondoka na kidole. Usiifungue. Huna haja ya kuifungua. Osha kwa petroli na brashi, kausha, angalia kama rivet (vile vipini vilivyopigwa kuunganisha mabati yake) zinacheza, angalia roleri, zile za plastiki zikiliwa upande mmoja zinatoa ule mchezo wa juu chini niliosema. Roleri unaweza kumpa fundi wa mashine ya kuchonga akakutolea za nailoni ngumu. Paka grisi kwenye meno na kwenye njia za roleri, kidogo. Bolti za mashine ziwekee washa za springi, maana hapo ndio zilikuwa zinalegea kila siku.

Raba za njia. Kama manyoya yake yameisha na unaona raba tupu inang'aa, au imekauka inavunjika kama biskuti, badilisha, hamna ukarabati hapo. Zinauzwa kwa mita. Mtwara na Lindi ukikosa, agiza Gerezani Dar, ila usiagize kwa jina la gari tu, kata kipande cha sentimita tano cha ile ya zamani kitume kama sampuli, upana wa nje na nafasi ya ndani ndio vinavyohesabika. Ukiweka, kwenye kona ya juu usiikate ikatengana vipande viwili, toa pembe ndogo ya V kwa nyuma tu, ikunje, uso wake ubaki mmoja. Isukume kwenye fremu na maji ya sabuni, na hakikisha inashuka mpaka chini kabisa ndani ya mlango, sio inaishia kiwikoni. Wengi wanaokoa nusu mita pale chini isiyoonekana alafu wanashangaa kioo kikiwa nusu bado kinagonga. Raba za njia usipake grisi, vumbi la huku litaganda humo liwe msasa wa kukwangua kioo chako, tumia silikoni ya kupuliza au acha kavu.

Kurudisha kioo ni kinyume cha kutoa, ila bolti zote zifunge nusu nusu. Kipandishe mpaka juu kiingie kwenye fremu, kiache kijitafutie mahali pake, alafu ndio ukaze, kikiwa juu. Ukikaza kikiwa chini kitajua mahali pa chini tu na juu kitabana. Kikipanda kimeinama, kuna kile kibati kirefu cha kulala ndani ya mlango ambacho mkono wa pili wa mashine unateleza humo, bolti zake zina matundu marefu kwa ajili hiyo, legeza, nyanyua au shusha upande mmoja, kaza, jaribu tena. Pandisha shusha mara kadhaa, fungua na funga mlango kioo kikiwa juu, kikiwa nusu, kikiwa chini. Mlio wa mlango utakwambia wenyewe.

Usirudishe paneli bado. Chukua waya, zibua vile vitundu vya chini vyote, toa tope, toa majani, mle ndani huwa unakuta hata skruu za fundi wa zamani. Mwaga maji kwenye kioo kwa nje, jagi zima, uone yanatokea chini ya mlango. Yakitoka safi, acha ukauke, paka redi oksaidi kwenye mshono wa chini, alafu rudisha nailoni, kama haipo kata ile nene wanayofunikia mazao, ibandike kwa gundi ya viatu pembeni kote na ncha yake ya chini iingizwe ndani ya tundu la mlango ili maji yarudi mlangoni na sio kwako. Hii fanya kabla ya Novemba, mvua zikianza huku zinakwenda mpaka Aprili hivi na hutopata siku kavu ya kuacha mlango wazi. Hendo ukirudisha, klipu ivalishe kwenye hendo kwanza, alafu gonga kwa kiganja mpaka ilie.

Kikikuzamia njiani, tuseme uko katikati ya Masasi na Newala, toa paneli kama una bisibisi, nyanyua kioo kwa mikono miwili kutoka chini, chomeka kabari ya kandambili kuukuu mbele na nyuma pale kiwikoni kwa ndani, alafu vuka na tepu pana kutoka kwenye kioo mpaka juu ya fremu. Usikishushe tena mpaka ufike, na usifunge mlango kwa nguvu.

Wenye Land Rover za Series, kama hizo 109, hamjasahaulika, ila zenu haziendi juu chini, zinateleza mbele nyuma, hamna mashine wala chaneli ya kubeba. Kwenu kila kitu ni ile reli yenye feliti (kitambaa kinene cha manyoya) chini ya kioo. Feliti ikiloa inashikilia maji, reli inaoza, kioo kinacheza mpaka abiria anakishikilia kwa mkono njia nzima. Sehemu yote ya juu ya mlango inatoka kwa kufungua nati zake kutoka kwenye mlango wa chini, ifanyie kazi mezani, usihangaike nayo kwenye gari. Toa skruu za reli (zitakuwa zimeganda, zipulizie dawa ya kutu toka jana yake), badilisha reli na feliti zote za juu na chini kwa pamoja, ukibadilisha ya chini tu kioo kitabana chini kiteleze juu. Na kabla ya kurudisha toboa au zibua vitundu vya maji kwenye reli ya chini, bila hivyo umefanya kazi ya msimu mmoja.

Ukishamaliza, gari yoyote ile, tembea nayo kwenye barabara mbaya kidogo, ya kwenda Msimbati inatosha, ukirudi fungua paneli upitie bolti zote kwa spana mara moja. Raba mpya inakaa ikishuka kidogo na bolti ya chaneli hupata nafasi ya robo mzunguko hivi, kaza, alafu funga paneli na klipu zake zote, hata zile mbili tatu ulizokuwa unataka kuziacha.